Jile Iliyokatwa Vipande Sita

Jile nne za kuzuia risasi zilifika Kashuga ndani ya sanduku la plastiki, na watu waliokuwa wakizisubiri walikuwa tisa. Maneno yalianzia hapo.

Zililetwa na shirika moja linalochanja watoto katika vijiji vya Masisi na ng'ambo ya Kalembe, kule misitu ya Walikale inakoanzia. Aliyekuja nazo alikuwa injinia kutoka Bukavu, Magloire, mtu mpole mwenye miwani. Alisimama uani pa kituo cha afya akawaeleza wauguzi kwamba hizi si zile jile za chuma zinazovunja mgongo. Hii unaivaa kama pulova. Ndani yake mna nyuzi za kaboni, na kila uzi umesokotwa kwa vimirija vidogo mno, vidogo hata hadubini ya maabara yao isingeviona. Wataalamu wanaviita nano. Risasi ikigonga mahali pamoja, nyuzi zote zinashikana kuidaka, kama wavu unavyomzuia samaki mmoja kwa nguvu ya wavu mzima. Kwa hiyo wasiitoboe wala wasiikate. Ukiikata, alisema, kila uzi unabaki yatima, na uzi mmoja hauzuii kitu.

Muuguzi mmoja, Bibiche, aliuliza lile ambalo wenzake walikuwa wamelimeza.

"Sasa, kaka injinia, mu bantu tisa, nani njo atavaa?"

Magloire alitazama karatasi zake. Alisema ni za majaribio kwanza, na ofisi itaamua. Ofisi iliamua kweli: mbili kwa wageni wanaokuja kwa gari mara moja kwa mwezi, moja kwa dereva wao, na moja kwa Bibiche, kwa kuwa ndiye aliyekwenda mbali kuliko wote, juu ya pikipiki, kisanduku cha chanjo mapajani. Sébastien aliyemwendesha hakupata. Wengine wanne waliobaki walirudi kazini.

Wiki hiyohiyo Bibiche aliibeba jile yake mpaka kwa Emérita, fundi wa nguo aliyekuwa na kibanda karibu na soko. Emérita alikuwa mjane wa miaka arobaini na saba, mwimbaji wa kwaya ya parokia, mtu ambaye mkono wake ulijulikana: ukiona kola iliyokaa sawasawa kanisani, ujue imepita kwake. Jile ilikuwa imepimwa kwa kifua cha mwanamume, nayo ilimbana Bibiche hadi akashindwa kupumua kwenye mlima. Alimwomba amtengenezee kifuko kingine cha nje, akamrudia maneno ya injinia neno kwa neno: usitoboe, usikate.

Emérita alilitoa lile shuka jeusi la ndani, ambalo yeye mwenyewe alilibatiza tumbo la jile, akaliweka juu ya meza na kulipapasa. Lilikuwa jepesi, laini, na baridi kidogo. Amekuwa akishika vitambaa tangu ana miaka kumi na miwili, lakini hiki hakukijua. Alishona kifuko cha kaki chenye mikanda ya pembeni, akaliingiza tumbo ndani bila sindano kuligusa, na Bibiche akaondoka akipumua vizuri.

Lakini Bibiche hakuivaa siku nyingi. Kila alipopanda pikipiki alimwona Sébastien mbele yake, mgongo wazi na shati la mikono mifupi, na moyo ukawa unamsuta. Anayekaa mbele ndiye anayekutana na risasi kwanza. Akamvalisha yeye. Ndiyo maana siku waliposimamishwa na watu wenye bunduki, kilomita chache kabla ya Kalembe, jile ilivuliwa mwilini mwa Sébastien. Chanjo waliziacha, pikipiki waliiacha. Mmoja wao akaugeuza ule mshono mkononi, akauliza ni nani aliyeshona vizuri hivi, na Bibiche, kwa hofu, akataja jina kabla hajafikiri. Alikuja kumwambia Emérita siku hiyohiyo, akilia.

Emérita alimwambia asilie.

Walimjia siku ya tatu, saa nne asubuhi, watu wawili. Mmoja alikuwa ndugu yake Élie, kitinda mimba wa mama yao, mtu mzima wa miaka thelathini ambaye mwaka uliopita, baada ya shamba lake la maharagwe kuchomwa na kundi jingine, alipanda mlimani akajiunga na watu wa Komanda Mapema. Mapema lilikuwa jina la vita. Jina lake la ubatizo hakuna aliyelitaja. Élie hakumtazama dada yake usoni. Alisema Komanda anamwomba aje na mashine yake, kuna kazi ya siku tatu nne, atarudi salama. Yule mwenzake alikwisha kuitoa mashine mezani na kujitwika kichwani.

Kambi yao ilikuwa katika shule ya msingi iliyokimbiwa. Walimweka kwenye darasa la tano, ubaoni bado kukiwa na hesabu za watoto. Komanda alikuja mwenyewe. Alikuwa na sauti ya chini na mikono safi, akamsalimu kwa heshima, Mama Emérita, akauliza habari za safari. Kisha akaiweka mezani ile jile iliyoporwa akaeleza anachotaka: aikate vipande sita, kila kipande akishonee kifuko cha kufunga kifuani, kwa watu sita watakaotangulia kushambulia daraja linaloshikiliwa na maadui zao.

Emérita alimweleza yote aliyoyasikia: wavu, nyuzi, yatima. Alisema ikikatwa inakuwa kitambaa tu. Alisema afadhali ivaliwe nzima na mtu mmoja. Komanda alimsikiliza mpaka mwisho. Akawaamuru waliokuwa mlangoni watoke, akaketi kwenye dawati dogo, magoti juu.

"Mama, ninajua. Nilifundisha sayansi miaka munane, na mu shule kama hii."

"Sasa juu ya nini tukate?"

"Juu jile moja inalinda muntu moja. Vipande sita itapeleka bantu sita mbele, na benye kuwa nyuma batabafuata. Haitazuia risasi. Itazuia woga." Alisimama. "Na weye hutasema. Ndugu yako iko mu ile sita."

Alivyosema hakupandisha sauti hata kidogo. Emérita alibaki akiangalia ubao.

Makasi hayakuliweza lile tumbo. Sindano mbili zilivunjika kabla hajakata tamaa. Mwishowe waliliweka chini ya msumeno wa kukatia vyuma, watu wawili wakisukuma na kuvuta, na kingo zikaanza kufumuka kama maganda ya kitunguu, zikitoa vumbi jeusi lililowakohoza. Emérita aliokota kipande akavuta uzi kwenye ukingo. Ulichomoka wote, mrefu, bila kupinga. Akaelewa alichosema injinia kuliko siku zote.

Wale sita walikuja kupimwa mmoja mmoja, na mlinzi alisimama mlangoni na bunduki akisikiliza. Walikuwa na adabu. Mmoja alimletea viazi vitamu vya kuchoma, mwingine alimwomba msamaha kwa harufu ya nguo zake. Watano kati yao walifuata masharti ya dawa ya kuzuia risasi: mzee mmoja wa Walikale, waliyemwita Papa wa dawa, aliwanyunyizia maji yaliyotengenezwa na kuwakataza mengi. Wasiibe. Wasiruke damu. Wasiguswe, wala wasiguse kitu kilichoguswa, na mwanamke aliye mwezini. Ukivunja sharti, maji yanakufa mwilini mwako.

Wa sita, Tuyishime, hakunywa wala kunyunyiziwa. Mama yake alikuwa mtu wa kanisa la uamsho, naye Tuyishime alikuwa amemwahidi hatagusa dawa za mtu. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mrefu, anayeinamisha kichwa anapoongea. Komanda aliagiza kipande chake kishonwe kwanza, akivae siku hiyohiyo ili wenzake wakione na kukitamani. Alipokuwa akifungiwa mikanda, Tuyishime aliuliza polepole.

"Mama, miye sina dawa. Niko na Mungu na hii tu. Iko ya kweli?"

Mlinzi aligeuza kichwa. Emérita aliona bunduki, akamwona Élie uani akipasua kuni.

"Mungu akulinde, mwanangu," alisema.

Tuyishime alitabasamu akashukuru. Alikuwa amelipokea jibu hilo kama ndiyo, naye Emérita alijua kwamba amelipokea hivyo.

Siku ya pili alipata nafasi ya kukaa na Élie nyuma ya darasa, wakila. Alimwambia yote kwa kunong'ona. Élie alicheka, si kwa dharau, alicheka kama mtu anayesikia mzazi akiogopa pikipiki. Alisema dada yake ni wa kushona tu, Komanda amesoma. Alisema Wazungu hawawezi kuvaa kitu kisichofanya kazi. Emérita alipomwambia kwamba Komanda mwenyewe amekiri, Élie aliacha kula. Akamwonya asirudie maneno hayo mbele ya mtu, wataitwa wasaliti wote wawili, akanyanyuka.

Emérita alishona siku hiyo yote na ya tatu. Mikono ilifanya kazi, akili ilizunguka. Ukweli ameusema mara mbili: mara ya kwanza kwa mtu aliyeujua tayari, mara ya pili kwa mtu asiyeutaka. Alijaribu kufikiri ni kitu gani hawa watu wanaamini bila kuuliza. Alipokipata, alikipinga kwanza, kwa aibu. Mwanamke wa kwaya, mjane wa mtu mwenye heshima, hasemi mambo kama hayo mbele ya wanaume. Tena ulikuwa uongo. Miezi tisa ilikuwa imepita tangu mwili wake uachane na habari hizo.

Asubuhi ya siku ya nne walipangwa uani. Vipande vitano vilikuwa mezani, cha sita kikiwa tayari kifuani mwa Tuyishime. Papa wa dawa alishika bakuli la maji na tawi la majani. Komanda alikuwa ameshaanza kusema juu ya daraja. Emérita alitoka mlangoni mwa darasa la tano, akasimama mbele ya yule mzee.

"Papa, mbele ya kunyunyiza, kuko jambo ninapashwa kusema. Tangu siku ya kwanza niko ku mwezi. Hii vitu yote nimeishika."

Wale watano walirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, kama watu walioona nyoka mezani. Élie alimkodolea macho dada yake, uso umemwiva kwa fedheha. Mzee aliyamwaga maji yote chini, akalitupa tawi, akasema vitu hivyo visiguswe na mtu, na yeyote aliyeguswa na yule mwanamke aoge mtoni na angoje siku saba.

Komanda hakupiga kelele. Alimwendea Emérita karibu sana. Emérita aliona kwamba ameelewa kila kitu, na kwamba hana la kufanya: angesema nini? Kwamba ni uongo? Angejuaje? Kwamba dawa haina maana? Nusu ya jeshi lake ilisimama kwa hiyo dawa. Alitaka Emérita afungwe, lakini hakuna aliyekubali kumshika mkono. Mzee naye akasema damu yake ikimwagika hapo ndiyo mwisho wa maji yote. Basi wakamfukuza kwa maneno. Mashine yake hakuna aliyetaka kujitwika tena, ilibaki darasani. Aliteremka mlima peke yake, mikono mitupu, akijiambia kwamba ameokoa watu sita.

Walikuwa watano.

Tuyishime hakuwa na sharti la mwezi. Kwa mtu asiye na dawa, mwanamke ni mwanamke na kitambaa ni kitambaa. Alijificha, akakivaa kipande chake chini ya shati, na siku mbili baadaye Komanda alipokwenda kwenye daraja bila kungoja zile siku saba, ndiye aliyetangulia. Wale watano walibaki nyuma, wakingojea maji yafufuke. Wengi waliona wenzao wanasita, nao wakasita. Shambulio lilivunjika kabla ya kushika moto. Tuyishime peke yake alifika katikati ya daraja, akikimbia wima, kifua mbele. Risasi iliingia kwenye kile kipande na kutokea mgongoni.

Habari zilishuka Kashuga kwa namna nyingine. Zilisema kuna fundi mmoja aliyeharibu dawa na kumwua mtoto wa watu. Bibiche alimshauri aondoke siku hiyo, akamwombea nafasi nyuma ya lori la makabichi. Emérita alipita Kitshanga, akapita Sake bila kushuka, akafika Bweremana kwa binamu yake Généreuse, ambaye alikuwa akianika sambaza, samaki wadogo wa ziwani, ufukweni. Alijifunza kuzigeuza kwenye wavu jua linapokuwa kali. Vidole vyake, vilivyozoea uzi, vilinuka samaki, na hakuimba kanisani hata mara moja.

Miezi miwili baadaye Élie alimkuta huko. Alikuwa amemtoroka Komanda, amekonda, mguu mmoja anauburuta. Alikula. Kisha akauliza kama ilikuwa kweli, ile ya mwezi. Emérita akasema hapana.

Élie alisema kwamba wale watano wote wako hai. Wawili wamerudi kulima, mmoja yuko Walikale kwenye machimbo, mmoja bado yuko na Komanda, na wa tano ni yeye mwenyewe. Alisema siku ile alitamani ardhi impasukie kwa aibu, na hata sasa hajui kama anapaswa kumshukuru au vipi.

"Unanidai nini, Élie? Nilikuambia kweli, ukacheka."

"Nilicheka," alikubali. "Lakini Tuyishime hakucheka. Aliniambia alikuuliza."

Emérita aliweka chini sahani. Hakuna aliyekuwa amemwambia hivyo kwa sauti mpaka siku hiyo, ingawa yeye alikuwa akijiambia kila asubuhi. Aliuliza mama wa yule kijana yuko wapi. Élie akasema yuko Sake, kwenye uwanja wa kanisa, na wakimbizi wengine. Anaitwa Mukandayisenga. Akamsihi dada yake asiende: yule mama anaamini Emérita alimwua mwanawe kwa uchafu, na akijua ukweli atakuwa na sababu nzuri zaidi ya kuamini alimwua.

Emérita alikwenda Jumatano, kwa pikipiki, kabla ya mchana. Alimkuta mama mmoja mfupi, kitenge kimefungwa vizuri, anachambua maharagwe mbele ya hema la turubai. Akataja jina lake mwenyewe. Mikono ya yule mama ilisimama juu ya ungo.

Emérita hakukaribishwa kuketi, akasimulia akiwa amesimama. Alieleza jile ilitoka wapi na ilikatwa kwa amri ya nani. Alieleza kwamba ya mwezi ulikuwa uongo wa kuwafanya wasivae, kwamba hajaharibu dawa ya mtu, na kwamba Tuyishime hakuwa na dawa ya kuharibiwa.

"Ninajua," alisema Mukandayisenga. "Aliniahidi."

"Njo sababu ule uongo haukumugusa, mama."

"Na ile kintu, kama ungeishona vizuri, ingemusaidia?"

"Hapana. Ilikuwa kitambaa tu. Na nilijua. Aliniuliza kama iko ya kweli. Kulikuwa muntu na bunduki ku mulango. Nilimujibu, Mungu akulinde."

Mukandayisenga alimtazama kwa mara ya kwanza. Alikuwa na macho ya mwanawe.

"Alikuuliza, na ulimujibu ile."

"Ndiyo, mama."

Jirani mmoja alipita na ndoo ya maji, akawasalimu wote wawili. Mukandayisenga aliangalia maharagwe yake. Alitoa jiwe moja, akalitupa kando, akatoa jingine. Emérita alisubiri atukanwe au apigwe, alikuwa amejitayarisha kwa yote mawili njia nzima.

"Nimekusikia," alisema yule mama mwishowe. "Watu bananiambia mwanangu alikufa juu ya uchafu wa mwanamuke. Sasa ninajua alikufa juu aliamini neno yako. Sijui njo gani muzuri." Akasukuma ungo kidogo mbali na magoti. "Enda sasa. Siku nitataka kukuona nitatuma muntu Bweremana."

Emérita aliaga kwa kuinamisha kichwa. Alitembea mpaka njia panda, kule barabara ya Goma, ya Masisi na ya Minova zinapokutana, akasimama kati ya wauza mkaa. Dereva mmoja wa pikipiki alimwuliza anakwenda wapi, naye akamjibu Bweremana, huko ambako yule mama angejua kumpata.